Maji ya Rejeta Yanapungua na Chini Pakavu: Yanakwenda Wapi?

Magari ya zamani yana ugonjwa mmoja unaokula fedha za wenyewe kuliko unavyostahili. Asubuhi unafungua mfuniko wa rejeta, maji yameshuka. Unajaza. Kesho yake yameshuka tena. Unainama kuchungulia uvunguni, pakavu. Ukifika gereji, kabla hujamaliza kueleza umeshapewa jibu: "Bosi, hapo gasketi ya hedi imekwenda. Tufungue tu." Huenda ni kweli: gasketi hiyo ni bamba jembamba linaloziba kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na hedi inayoufunika kwa juu. Lakini kufungua hedi ni kazi ya mwisho, na zipo hedi nyingi zilizofunguliwa bure kumbe kosa lilikuwa mpira uliochanika au mfuniko uliochoka springi.

Maji ya rejeta yana njia tatu za kuondoka. Yatoke nje kupitia tundu au ufa, yaingie ndani ya injini, au yasukumwe nje kupitia mfuniko kwa sababu presha imezidi au haikushikiliwa. Kazi yote ya uchunguzi ni kujua ni njia ipi kati ya hizo, na swali linalofupisha kazi hiyo ni hili: yanapungua lini? Watu hukimbilia kuuliza yanavuja wapi, wakaanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Nitashika mfano wa Toyota Noah ya kizazi cha kwanza, ile ya kati ya 1996 na 2001 yenye injini ya petroli ya 3S-FE. Tanzania zimejaa hadi vijijini, na umbile lake linajua kuficha uvujaji. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, rejeta iko mbele kabisa, na kati yake ipo mipira na mabomba marefu ambayo huyaoni mpaka uinue viti au uingie uvunguni. Zile zenye hita ya nyuma zina mabomba mengine yanayopita chini ya sakafu hadi huko nyuma. Hayo hakuna anayeyakumbuka, maana Dar es Salaam nani anawasha hita? Lakini maji yamo humo uwashe usiwashe, na kutu haijali kama unaitumia hita au la.

Mfuniko kwanza

Ule mfuniko wa rejeta si kizibo tu. Una springi inayozuia maji yasitoke mpaka presha ifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Toyota nyingi za umri huo zina mfuniko wa 0.9, yaani karibu kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba juu ya presha ya hewa ya kawaida. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Pwani, maji yaliyo wazi huchemka nyuzi 100. Chini ya mfuniko wa 0.9 hayachemki mpaka yakaribie 118. Ukipanda juu mambo hubadilika: Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na yakishikiliwa na mfuniko mzima hufika kama 115. Maana yake mfuniko peke yake unakupa karibu nyuzi 20 za usalama.

Sasa weka hesabu hiyo barabarani. Themostati ya injini kama hii, yaani vali inayoruhusu maji yaende kwenye rejeta, huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Noah iliyojaa abiria na mizigo ikipanda mlima wa Kitonga kwa gea ya pili, maji kufika nyuzi 100 si jambo la ajabu, na mfumo mzima haushtuki. Mfuniko ukiwa umechoka, maji hayohayo yanachemka, mvuke unayasukuma kwenye chupa ya akiba, chupa inajaa, yanamwagika barabarani na upepo unayakausha. Ukifika juu gari limechemsha, maji hayapo, chini pakavu. Ndiyo picha ileile ya gasketi iliyokufa, ila dawa yake ni mfuniko mpya.

Mfuniko una kazi ya pili inayosahaulika. Injini ikipoa maji husinyaa, na kivalvu kidogo cha katikati hufunguka ili rejeta ivute maji kutoka kwenye chupa ya akiba. Kivalvu kikikwama, asubuhi utakuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama umekanyagwa. Na kama ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa umechanika, au umekatika kule chini ndani ya chupa, rejeta itavuta hewa badala ya maji. Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge: wanaangalia chupa, wanaona imejaa, wanapanda gari kwa amani, kumbe rejeta yenyewe iko nusu. Kwa hiyo kwenye gari la zamani pima kwenye rejeta, injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa ya moto usiuguse mfuniko hata kwa kitambaa kinene. Maji yaliyokuwa yamezuiliwa na presha hugeuka mvuke papo hapo, na yanayotoka yanachubua ngozi.

Lini, halafu wapi

Tia alama kwenye chupa kwa kalamu ya wino usiofutika, jaza rejeta mpaka shingoni injini ikiwa baridi, halafu andika kilomita. Bila kipimo cha namna hiyo, "yanapungua sana" na "yanapungua kidogo" ni maneno matupu. Gari linalopoteza nusu lita kwa mwezi halina ugonjwa mmoja na lile linalopoteza nusu lita kutoka Mbezi hadi Kariakoo.

Tandika boksi lililofunguliwa chini ya gari usiku. Likilowa asubuhi, una uvujaji wa baridi: mpira na chuma hupungua ukubwa usiku kwa viwango tofauti, klempu iliyolegea ikaachia matone machache, halafu injini ikipata moto kila kitu kinatanuka na matone yanakoma. Huu ndio uvujaji unaomchanganya fundi, kwa sababu gari linafika kwake la moto na halidondoshi kitu. Liache lilale hapo gereji, mwambie alitazame kabla hajaliwasha.

Boksi likiwa kavu, tazama dakika kumi baada ya kuzima gari lililotoka safari. Pampu ya maji imesimama lakini chuma bado kina moto wake, kwa hiyo joto na presha hupanda kidogo kabla ya kuanza kushuka. Tundu dogo lililokuwa limejificha hutema wakati huo. Sikiliza pia. Tone likiangukia bomba la moshi hutoa mlio wa kukaangwa, na ukiwa umetia kulanti, ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, utasikia harufu tamutamu.

Kama yanapungua gari likitembea tu, na si likisimama, shuku vitu vinavyozunguka au kutikisika: pampu ya maji, mipira iliyo karibu na feni, bomba linalogusana na bodi. Yakipungua mlimani tu au mwendo wa kasi tu, rudi kwenye mfuniko, na ukishauondoa kwenye orodha ndipo uanze kuifikiria gasketi.

Kuna maji ya kuyapuuza. AC ikiwa imewashwa hudondosha maji chini ya gari, hasa kwenye joto la unyevunyevu la Tanga au Mombasa. Hayo ni meupe, hayana harufu wala utelezi. Kulanti huteleza ukiisugua kati ya vidole. Usiionje kujua utamu wake: dawa iliyomo kwenye kulanti nyingi, ethilini glaikoli, ni sumu, na mbwa huifuata kwa sababu ni tamu.

Usioshe injini

Jambo la kwanza ambalo gereji nyingi hufanya ni kupiga injini maji ya presha "ili tuone vizuri." Hapo ushahidi wote unakwenda na povu. Uvujaji unaokauka kabla haujafika chini huacha alama. Kulanti nyekundu huacha ukoko wa pinki, ya kijani huacha ukoko wa kijani uliopauka. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Dodoma na Singida, huacha weupe mgumu mithili ya chokaa. Chukua tochi na kioo kidogo, inua viti, fuata ukoko kuelekea juu. Maji huteremka na upepo wa feni huyarusha nyuma, kwa hiyo chanzo kiko juu au mbele ya pale ulipoona alama.

Kwenye 3S-FE ningeanza na pampu ya maji. Inazungushwa na taiming belti, mkanda unaooanisha mizunguko ya injini, na imejificha nyuma ya kava lake. Chini ya mhimili wake pana kitundu kilichotobolewa kiwandani kwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatoke hapo yasiingie kwenye bering. Ukiona ukoko kwenye kona ya chini ya kava la taiming, au tone linaloning'inia hapo baada ya safari, pampu inaaga. Haifai kuipaka silikoni. Na kwa kuwa kuifikia ni lazima taiming belti itoke, badilisha vyote viwili kwa mkupuo. Kulipia kazi hiyohiyo mara mbili ndani ya miezi michache kunauma.

Rejeta zenye matangi ya plastiki huvuja pale plastiki inapobanwa na meno ya aluminiamu, kwa sababu mpira wa katikati hukakamaa na plastiki huwa ya kahawia na kukatika. Fundi rejeta hodari wa kuunga shaba hana la kufanya kwenye plastiki, na gundi hapo ni ya kukufikisha nyumbani. Gari la gea otomatiki lina hatari nyingine: mafuta ya gea boksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta, na ukuta kati yake ukitoboka vitu viwili hivyo huchanganyika. Ukifungua rejeta ukakuta uji wa pinki, usiendeshe hata hadi kwa jirani. Maji yakiingia gea boksi yanaharibu klachi zake haraka.

Kuna vile vifuniko vya bati vya duara vilivyogongewa ubavuni mwa bloku. Injini iliyolishwa maji matupu kwa miaka huliwa na kutu kutokea ndani, na kifuniko huanza na kijasho tu. Hita ya mbele nayo ikivuja, maji humwagika ndani: zulia la upande wa abiria linakuwa na utelezi, kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta. Watu huanika zulia wakidhani mlango unapitisha mvua.

Piga presha

Kama macho hayakuona kitu, kuna pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi, rejeta ikiwa imejaa, piga mpaka kiwango cha mfuniko, 0.9, usizidishe. Halafu subiri. Robo saa, si dakika moja. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapojulikana. Mshale ukisimama, mfumo ni mzima wakati wa baridi, rudia injini ikiwa na uvuguvugu. Mshale ukishuka, zunguka na tochi mpaka ulione tone. Mfuniko nao upimwe kwa pampu hiyohiyo kwa kutumia kiungo chake.

Mshale ukishuka na nje kote kukavu, ndipo macho yanageukia ndani. Toa plagi zote nne, presha ikiwa bado imepigwa, acha kwa muda, kisha zungusha injini kwa stata huku uso wako uko mbali. Tundu moja likirusha ukungu wa maji, umeshajua silinda. Zitazame na plagi zenyewe: tatu zitakuwa za kahawia na ile ya silinda inayokunywa maji itakuwa safi isivyo kawaida, imeoshwa na mvuke.

Ikifika zamu ya hedi

Bloku ya 3S-FE ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa joto lilelile. Katika joto la kawaida gasketi huvumilia msuguano huo kwa miaka. Gari likichemsha vibaya mara moja, hedi inajaribu kutanuka huku boliti zimeishikilia, inapinda, na ikipoa hairudi sawasawa. Ndiyo maana mara nyingi gasketi iliyokufa ni matokeo ya uvujaji mwingine uliopuuzwa. Ukibadilisha gasketi bila kuutafuta ule uvujaji wa kwanza, mpya nayo itaungua.

Dalili zake zinajulikana ila kila moja ina namna ya kudanganya. Moshi mweupe asubuhi ya baridi kule Njombe ni mvuke wa kawaida. Ukiendelea injini ikiwa imeshapata moto, na una harufu tamu, hapo pana neno. Utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa unyevu wa gari linalotembea safari fupi tu. Kithibitisho ni kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini: liache gari usiku kucha, legeza boliti ya kumwagia oili polepole, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, yakiwamo yatatangulia kutoka. Mapovu kwenye rejeta nayo hayaaminiki mara tu baada ya kujaza, hasa kwenye Noah, ambako hewa hukwama kwenye mabomba marefu. Toa hewa kwanza, ndipo uyahukumu.

Gasketi inayopitisha moto wa silinda kwenda kwenye maji hujionyesha kwa wakati. Washa injini ya baridi, shika mpira wa juu wa rejeta. Maji bado hayajapata joto la kuleta presha, kwa hiyo mpira ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kuna kitu kingine kinachoujaza. Kipimo cha uhakika zaidi ni kile cha dawa ya bluu: hewa ya juu ya rejeta inavutwa ipite kwenye dawa hiyo, na ikiwa na kaboni dioksaidi inayotoka kwenye mwako, injini ya petroli huigeuza njano. Hakitaki kufungua hata boliti moja. Gereji isiyokuwa nacho lakini iko tayari kufungua hedi leo hii, ningeipita. Kumbuka tu kwamba dawa hiyo hunasa uvujaji wa moto kwenda kwenye maji. Ufa unaopitisha maji kwenda kwenye oili peke yake hauonyeshi rangi.

Ishara mbili ni za kuzima gari palepale. Mshale wa joto ukipanda kisha ukaanguka ghafla, usishangilie: maji yanaweza kuwa yameshuka chini ya sensa, ikabaki inapima hewa huku hedi inaungua. Na asubuhi stata ikigonga mara moja na injini ikagoma kuzunguka, usilazimishe wala usisukumishe gari. Silinda inaweza kuwa imejaa maji, na maji hayabanwi, kinachopinda ni koni rodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Ikithibitika ni gasketi, hedi ipimwe kwa rula nyofu na filageji, vile vibati vya kupimia nafasi nyembamba. Toyota za kundi hili huruhusu upindaji wa milimita 0.05 tu, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Ipigwe presha kutafuta nyufa kabla ya kuchongwa, maana kuchonga hedi iliyopasuka ni kutupa fedha. Boliti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia na si kwa nguvu ya bega.

Nimesikia dawa nyingi za njia ya mkato, kuanzia unga wa dukani wa kuziba rejeta hadi manjano ya jikoni. Zinaweza kukutoa porini. Tatizo ni kwamba haziwezi kutofautisha tundu lisilotakiwa na mirija membamba ya rejeta na hita, zinaziba vyote. Kung'oa themostati ni mkato mwingine ambao gereji zetu zinaupenda kupita kiasi. Injini hubaki baridi, inakula mafuta zaidi, na kwenye injini ambazo themostati ina kisahani cha pili cha kufunga njia ya mkato ya maji, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto. Isipoanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, nunua nyingine.

Baada ya matengenezo yoyote, suuza mfumo na jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kutia betri yanafaa. Hatuna barafu ya kuogopa, lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na hulainisha sili ya pampu. Usichanganye ya kijani na nyekundu kwa kudhani tofauti ni rangi tu, kwani dawa zake zinaweza kukorofishana na kuacha tope. Washa gari mfuniko ukiwa wazi likiwa baridi, hita ikiwa kwenye moto, ya mbele na ya nyuma, mpaka mapovu yaishe. Zima na funga maji yakianza kupanda shingoni, usingoje yachemke. Gari likipoa kabisa, jaza tena na usogeze alama yako kwenye chupa.